SENTIMITA NNE ZA USUKANI: SOMO LA GURUDUMU LA MBELE

Utangulizi

Mwaka huu nimeombwa na wahariri niandike somo la ufundi. Wengine watauliza, "Pikipiki na Kiswahili wapi na wapi?" Ngojeni kidogo. Mtaona kwamba siku ile nilipokwenda gereji kulalamika, nilishindwa kwa kukosa maneno kabla sijashindwa kwa kukosa ujuzi.

Hapa Machakos hakuna asiyejua bodaboda. Neno lenyewe lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, kule Busia, katika miaka ya 1960, wakati waendesha baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. "Boda" ni mpaka kwa Kiingereza kilichotiwa lafudhi yetu. Pikipiki nazo zilienea sana baada ya mwaka 2008, serikali ilipoziondolea ushuru wa ongezeko la thamani zile ndogo. Leo hii mama anayekwenda sokoni na mgonjwa anayekimbizwa hospitali hutegemea magurudumu hayo mawili. Kwetu nyumbani hata karo yangu hutegemea hayo hayo.

Kisa chenyewe

Nilikuwa Kidato cha Pili, likizo ya Agosti. Kakangu ni mwendeshaji bodaboda. Pikipiki yake aliipata kwa mkopo, na kila jioni lazima atenge pesa za mkopo kabla hajanunua hata mkate. Siku moja iliteleza kwenye changarawe ikaanguka upande wa kushoto. Yeye hakuumia, lakini shokabu ya kushoto ilianza kuvuja mafuta. Akaipeleka gereji fulani mjini. Jioni ile ile akaambiwa imekwisha.

"Iko sawa, ndugu yangu. Endesha tu," fundi akamwambia.

Mafuta hayakuvuja tena, hilo ni kweli. Lakini alipofika nyumbani aliniita. "Kuja uone maajabu. Nikienda moja kwa moja, usukani unaangalia Mua."

Nikapanda nyuma nikajionea. Barabara ilinyooka, nasi tulikwenda sawa, ila mkono wake wa kushoto ulikuwa umerudi karibu na tumbo na wa kulia umekwenda mbele, kama mtu anayepiga kona ambayo haipo. Kesho yake akarudi gereji. Fundi akaitazama kwa jicho moja, akasema, "Wacha wasiwasi, utazoea."

Kakangu akajaribu kuzoea. Siku ya tatu, akiwa amembeba dada yetu mdogo, manyunyu yakaanza kunyesha wakiwa mteremkoni. Gari likatokea mbele ghafla. Akashika breki huku akiunyoosha usukani kama alivyozoea kwa miaka, yaani sawa na mwili wake. Lakini usukani uliponyooka, gurudumu lilikwenda kulia. Walisimama hatua moja tu kabla ya mtaro. Dada alilia hadi nyumbani.

Usiku huo kakangu hakula. Aliwapigia simu wenzake wa stejini wakaafikiana kwamba asubuhi waende kundi zima "kumfunza fundi adabu". Nyote mnajua maana ya maneno hayo. Mimi nilimwomba jambo moja tu: anipe siku moja tuipime pikipiki kwanza. Nilimwambia, "Kaka, ukienda na hasira watakusikia sauti tu. Ukienda na kipimo watakusikia maneno." Akanung'unika, lakini akakubali.

Kwa nini gurudumu hujinyoosha

Kabla ya kupima, yatupasa kujua kinachopimwa. Sehemu ya mbele ya pikipiki ina mhimili wa usukani, yaani chuma kinachopita ndani ya shingo ya fremu na kuzunguka juu ya beringi. Mhimili huo umefungwa vibano viwili, cha juu na cha chini. Vibano hushika mabomba mawili ya foki, moja kulia na moja kushoto. Chini kabisa, ekseli huyaunganisha mabomba hayo ikipita katikati ya gurudumu. Foki za namna hii, zenye springi na mafuta ndani, si za jana. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilizitia katika pikipiki yake ya R12 mwaka 1935.

Sasa fikiria mstari unaofuata mhimili wa usukani mpaka ardhini. Kwa kuwa mhimili umeinama, mstari huo hugusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Kwa hiyo tairi huwa linafuata nyuma, kama kigurudumu cha kitoroli cha supamaketi kinavyofuata nyuma ya mguu wake. Ukisukuma kitoroli, vigurudumu hujigeuza vyenyewe vikaelekea uendako. Gurudumu la mbele la pikipiki nalo ni hivyo hivyo: hutafuta njia lenyewe.

Hapa ndipo penye siri. Gurudumu halijui usukani unatazama wapi. Kama foki zimejipinda ndani ya vibano, gurudumu litanyooka na njia, na usukani ndio utakaobaki umegeuka. Mwendeshaji atadhani ameizoea hali hiyo, lakini siku ya hatari mikono hurudia mazoea ya zamani. Ndivyo ilivyotaka kumtokea kakangu.

Dalili nne na maana zake

Kila dalili ina ugonjwa wake. Usizichanganye.

1. Usukani umegeuka, lakini pikipiki yaenda moja kwa moja. Mara nyingi foki zimejipinda ndani ya vibano, au usukani wenyewe umepinda kwa kuanguka.

2. Pikipiki yavuta upande mmoja. Angalia upepo wa matairi, gurudumu la nyuma, au bomba la foki lililopinda. Lakini kwanza hakikisha si barabara inayokuvuta. Barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji yatiririke, na sisi twaendesha kushoto, kwa hiyo mteremko mdogo hutuvuta kushoto siku zote.

3. Usukani wagonga ukishika breki ya mbele. Huenda beringi za mhimili zimelegea. Inua gurudumu la mbele, shika foki chini, sukuma na kuvuta. Ukisikia "ko-ko", zimelegea.

4. Usukani mgumu, au wajikwamia katikati. Beringi zimekazwa kupita kiasi au zimeliwa. Gurudumu likiwa juu, usukani ukisukumwa kidogo unapaswa kuanguka wenyewe kulia au kushoto, bila kukwama.

Yetu ilikuwa dalili ya kwanza. Au ndivyo tulivyodhani.

Jicho si kipimo

Wengi wenu mmefika Kyamwilu, kwenye mlima Kituluni, hapa hapa kaunti yetu. Pale ukimwaga maji barabarani huyaona yakipanda mlima, na gari likiachwa bila gia huonekana likikwea lenyewe. Watu husema mengi. Wanafizikia hueleza mahali kama hapo kuwa ni macho yanadanganywa na umbo la milima iliyo kandokando: panapoonekana ni mpando, kwa kweli ni mteremko. Maji hayajavunja sheria yoyote.

Nilikumbuka Kyamwilu siku ile. Fundi alikuwa ameitazama pikipiki kwa jicho moja akasema iko sawa. Kakangu aliitazama akasema imepinda kabisa. Wote wawili walitumia jicho. Ndipo nikaenda kwa mwalimu wetu wa Fizikia, akatuazima rula ya chuma na kutuonyesha vipimo vitatu visivyogharimu chochote.

Kipimo cha kwanza: mstari. Tulichora mstari mnyoofu kwa chaki kwenye saruji tambarare, tukaisukuma pikipiki polepole juu yake, magurudumu yote yakiufuata. Tukaisimamisha bila kuugusa usukani. Kisha tukapima kutoka katikati ya taa ya nyuma hadi ncha ya kila mshikio. Kushoto kulikuwa kufupi kuliko kulia kwa sentimita 4. Kati ya ncha na ncha usukani ulikuwa na sentimita 70. Wale wa hesabu, gawanyeni 4 kwa 70, mtafute pembe: ni digrii 3 na kitu hivi. Ni pembe ndogo daftarini, lakini barabarani ni mtaro.

Kipimo cha pili: kioo. Tulishusha vifuniko vya mpira, tukachukua kipande cha kioo cha dirisha kilichosuguliwa kingo kisikate, tukakilaza mbele ya mabomba yote mawili. Mabomba yakiwa sambamba, kioo hukaa kimya. Yakiwa yamejipinda, kioo hucheza ukibonyeza pembe moja, kama meza yenye mguu mfupi. Chetu kilicheza. Tena tuliona kwamba bomba la kushoto, lile lililofunguliwa, halikupandishwa juu sawa na la kulia.

Kipimo cha tatu ni cha kamba. Nitakieleza baadaye, maana siku hiyo tulikipuuza. Tulikuwa tumeshampata mkosaji!

Kurudi kwa fundi

Asubuhi tulikwenda watatu tu: kakangu, mimi na kile kioo. Wenzake wa stejini waliambiwa wasubiri. Njiani nilirudia majina moyoni kama mtu anayekwenda mtihani wa mdomo: ekseli, kibano cha juu, kibano cha chini, bomba la foki. Mara ya kwanza nilipofuatana na kakangu kulalamika nilikuwa nimesema, "Fundi, hiki kidude hakiko sawa," akacheka na kuendelea na kazi.

Safari hii nilisema, "Shikamoo, fundi. Tunaomba utusaidie. Bomba la kushoto halijafika juu kwenye kibano, na mabomba hayako sambamba. Tafadhali weka kioo hiki ujionee mwenyewe."

Aliweka kioo. Kikacheza. Akabonyeza tena. Kikacheza tena. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Siku ile kazi ilikuwa nyingi. Kijana wangu alikaza pikipiki ikiwa imelalia stendi ya kando. Leteni hapa."

Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyetukanwa. Alirudia kazi bila malipo, nasi tukatazama kila hatua. Hizi hapa:

(a) Pikipiki isimame wima juu ya stendi kubwa, mahali tambarare, tairi la mbele likigusa chini. Mtu mmoja aishikilie.

(b) Legeza, usifungue kabisa: nati ya ekseli, boliti za madigadi, boliti za vibano vyote viwili, na ile nati kubwa ya juu ya mhimili. Usiguse pete ya kurekebisha beringi iliyo chini yake.

(c) Pandisha bomba lililo chini mpaka yote mawili yawe na kimo kimoja. Pima kwa rula.

(d) Simama mbele, bana gurudumu kwa magoti, ugeuze usukani polepole mpaka kioo kitulie.

(e) Kaza vibano na nati ya juu kiasi. Ondoa stendi, ubonyeze pikipiki mbele mara tano au sita ili foki na ekseli zijikalie mahali pake.

(f) Sasa kaza ekseli, kisha madigadi, kisha kibano cha chini, kisha nati ya juu ya mhimili, kisha kibano cha juu. Kaza kulia na kushoto kwa zamu, kidogo kidogo, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki. Weka kioo tena.

(g) Zungusha gurudumu, jaribu breki, geuza usukani mwisho hadi mwisho uone hakuna waya unaobanwa. Kisha jaribu kwa mwendo wa mtu anayetembea, uwanjani, si barabarani.

Angalizo: kama hata baada ya haya kioo bado chacheza, huenda bomba limepinda. Bomba lililopinda lisichomwe moto wala kugongwa nyundo likanyooshwa. Chuma kilichochomwa hivyo hupoteza nguvu zake. Libadilishwe.

Sentimita moja iliyobaki

Tulirudi kwenye mstari wetu wa chaki tukiwa na furaha. Tukapima. Zile sentimita 4 zilikuwa zimebaki 1.

Kakangu akaruka. "Si nilikuambia? Huyu fundi ni mwongo!"

Hapo ndipo nikakumbuka kipimo cha tatu, kile cha kamba. Funga kamba nyuma ya tairi la nyuma, kimo cha shubiri moja kutoka ardhini, ulete ncha zake mbele, moja kila upande, mpaka mbele ya gurudumu la mbele. Nyoosha kila kamba iguse tu kingo za tairi la nyuma, isiguse stendi wala chuma chochote. Tairi la mbele huwa jembamba kuliko la nyuma, kwa hiyo lazima pabaki nafasi sawa kila upande. La nyuma lilikuwa na upana wa milimita 80 na la mbele 70. Tofauti ni 10, basi kila upande ubaki milimita 5.

Tulipopima, upande wa kushoto palikuwa na milimita 24. Upande wa kulia kamba haikupita kabisa, tairi la mbele lilikuwa limeizuia. Maana yake gurudumu la nyuma lilikuwa limegeuka kuelekea kushoto.

Nikamuuliza kakangu, "Nani alikaza cheni mara ya mwisho?"

Kimya.

"Kaka?"

"Ni mimi," akasema. "Ilikuwa imelegea, nikakaza upande wa cheni peke yake. Nilikuwa na haraka, abiria ananingoja."

Skurubu ya kushoto ilikuwa imeivuta ekseli ya nyuma milimita 3 zaidi ya ile ya kulia. Milimita 3 si unene wa penseli! Lakini tazameni pembetatu mshabaha, wanafunzi wenzangu. Kati ya skurubu na skurubu palikuwa na sentimita 20. Kati ya ekseli ya nyuma na ya mbele sentimita 128. Kosa la milimita 3 katika milimita 200 huwa kosa la milimita 19 na kidogo likifika mbele. Ongeza 5 za kawaida, unapata zile 24. Hesabu ya Kidato cha Pili ilikuwa imekaa chini ya kiti cha pikipiki, nasi tulikuwa tukiikalia kila siku.

Tulirekebisha skurubu zote mbili mpaka alama zikalingana, tukahakikisha ulegevu wa cheni ni sawa, tukakaza ekseli. Tukarudi kwenye chaki. Kushoto na kulia vikawa sawa.

Basi sentimita 3 zilikuwa za fundi, na sentimita 1 ilikuwa yetu. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Laiti wale vijana wa stejini wangekwenda asubuhi ile na hasira zao, wangemwadhibu mtu mmoja kwa makosa ya wawili. Na baada ya kumwadhibu, pikipiki ingebaki imepinda vile vile. Jioni kakangu alirudi gereji peke yake. Aliponunua soda mbili nilijua ameongea. Hakuniambia alichosema, nami sikuuliza. Kile kioo alikiacha pale, na nilipopita muhula uliofuata nilikiona kimetundikwa ukutani juu ya spana, kimefungwa kitambaa kisivunjike.

Hitimisho

Ndugu msomaji, neno "sawa" ni zuri katika salamu, lakini si kipimo. Fundi akikuambia iko sawa, muulize kwa heshima, "Sawa kwa kipimo gani?" Na wewe mwenyewe ukisema imepinda, uwe tayari kuulizwa swali hilo hilo. Kifaa chochote kilichofunguliwa na kufungwa tena, hasa gurudumu la mbele na breki, kipimwe kabla ya kubeba mtoto wa mtu. Tena jifunzeni majina ya vitu. Anayesema "kidude" huchekwa, anayesema "kibano cha chini" husikilizwa.

Msamiati

Ekseli: chuma kinachopita katikati ya gurudumu na kulishika.
Foki: jozi ya mabomba yanayoshika gurudumu la mbele.
Kibano: chuma kinachokamata kitu kisiteleze wala kuzunguka.
Madigadi: kifuniko cha juu ya tairi kizuiacho matope.
Mhimili: chuma au mstari ambao kitu huuzunguka.
Sambamba: enye kwenda pamoja bila kukutana wala kuachana.
Mshabaha: kufanana kwa umbo bila kulingana kwa ukubwa.

Maswali ya marudio

1. Eleza kwa nini gurudumu la mbele hunyooka hata kama usukani umegeuka.
2. Tairi la nyuma lina upana wa milimita 100 na la mbele milimita 80. Kamba zikivutwa sawasawa, kila upande utakuwa na nafasi ya milimita ngapi?
3. Kosa la milimita 2 kwenye skurubu zilizoachana kwa sentimita 20 litakuwa milimita ngapi kwenye ekseli ya mbele iliyo umbali wa sentimita 125?
4. Tunga mazungumzo kati ya mteja na fundi ambapo mteja analalamika bila kumvunjia fundi heshima. Tumia maneno manne ya msamiati.